Maji ya Amboseli: Yatoka Wapi, na Nani Ayatunze?

Somo la historia katika radio, kwa madarasa ya watu wazima

(Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya somo, tundika ukutani ramani ya Afrika ya Mashariki. Weka tayari debe moja lililotobolewa tundu dogo ubavuni karibu na chini, mawe madogo, mchanga, kipande cha bati, na ndoo ya maji. Mwishoni soma maswali kwa sauti, na kila mtu apewe nafasi ya kusema.)

Katika masomo yaliyopita tumesema sana habari za watu: wafalme, wasafiri, na vita vyao. Leo tutasema habari za kitu kisicho na mdomo, wala hakikuacha barua, lakini kina historia yake. Kitu hicho ni maji, na hasa maji yaliyo chini ya ardhi.

Kiongozi wa darasa, tafadhali simama karibu na ramani. Waonyeshe wenzako mlima Kilimanjaro, ulioko Tanzania karibu na mpaka wa Kenya. Mmeuona? Sasa telezesha kidole kidogo upande wa kaskazini mpaka uvuke mpaka. Hapo ndipo Amboseli, katika nchi ya Wamasai wa Kenya. Kidole chako kimevuka mpaka bila kuulizwa cheti na askari. Maji nayo huvuka vivyo hivyo, ila yenyewe hupita chini.

1. Nchi kavu yenye maji

Amboseli ni nchi kavu. Kwa mwaka mzima hupata mvua ya milimita 350 hivi tu. Jina lake latokana na neno la Kimasai, empusel, maana yake vumbi la chumvi. Liko ziwa huko, lakini kwa muda mrefu ziwa hilo huwa halina maji. Ni uwanja mweupe wa vumbi, na jua likiwa kali mtu huona kama maji yanametameta kwa mbali, kumbe ni mazigazi tu. Mwaka wa 1883 Mskochi mmoja, Joseph Thomson, alipita huko akienda nchi ya Wamasai. Alistaajabu kuona wanyama wengi namna ile katika nchi kame namna ile.

Kama angaliwauliza wenyeji wangalimweleza. Katikati ya vumbi lile ziko chemchemi na vinamasi ambavyo havikauki hata wakati wa kiangazi. Chemchemi moja kubwa huitwa Enkongo Narok. Katika Kimasai neno lile la chemchemi ni lile lile la jicho, na narok maana yake nyeusi. Basi jina hilo ni kama kusema Jicho Jeusi. Sisi nasi katika Kiswahili twasema jicho la maji. Tazameni jinsi watu wa lugha mbalimbali walivyoona jambo moja: mahali maji yanapotoka ardhini ni kama jicho linalofumbuka.

Kwa sababu ya macho hayo ya maji, tembo, nyumbu, pundamilia na viboko waliweza kuishi Amboseli. Na kwa sababu hiyo hiyo Wamasai na ng'ombe wao waliweza kuishi huko pamoja nao.

2. Maji hayo yatoka wapi?

Sasa tuulize: ikiwa mvua ya Amboseli ni kidogo, maji hayo yatoka wapi?

Watu wengi hutazama juu, wakaiona barafu nyeupe juu ya Kilimanjaro, wakasema, "Ni ile barafu inayoyeyuka." Wazo hilo si la jana. Mwaka wa 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima ule, akaandika kwamba kileleni kuna theluji. Wataalamu wengine wa Ulaya walimcheka, wakasema haiwezekani kuwa na theluji karibu na mstari wa ikweta. Baadaye ilithibitika kwamba Rebmann alisema kweli. Tangu hapo watu wengi wakadhani kwamba barafu ile ndiyo mama wa mito na chemchemi zote zilizo chini ya mlima.

Lakini wataalamu wa siku hizi wamepima maji ya chemchemi na kuyalinganisha na maji ya mvua na ya barafu. Wameona kwamba barafu huchangia sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ya maji yaliyo chini ya ardhi hutokana na mvua inyeshayo juu ya msitu, ule mshipi wa miti mikubwa uliouzunguka mlima katikati yake. Upande wa kusini sehemu nyingine za msitu huo hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa kaskazini, unaoelekea Amboseli, mvua ni haba kuliko hiyo, lakini bado yazidi sana ile ya uwandani.

Msitu hufanya kazi mbili. Kwanza, majani na mizizi hupunguza nguvu ya mvua, ili maji yasikimbie yote bondeni, bali yapate nafasi ya kuzama. Pili, miti ya juu hukamata ukungu. Matone ya ukungu hushikamana na majani na ndevu za miti, kisha hudondoka chini kama mvua nyingine ya siri.

Sasa kiongozi wa darasa, lete debe lako. Litie mawe madogo mpaka nusu, kisha mchanga juu yake. Mimina maji polepole juu ya mchanga, na wenzako watazame lile tundu. Maji hayatoki papo hapo. Ngojeni kidogo. Sasa acha kumimina, mtazame tena. Mmeacha kumimina, lakini maji yangali yanatoka.

Kilimanjaro ni mlima wa volkeno, na miamba yake ina nyufa na matundu mengi kama mawe yaliyomo katika debe lenu. Mvua ya msituni huzama katika miamba hiyo, ikasafiri chini polepole kwa miaka, pengine kwa makumi ya miaka, hata ikatokea katika macho ya maji kule uwandani. Basi maji anayokunywa ng'ombe leo si mvua ya leo, wala si mvua ya mahali pale. Ni mvua ya mahali pengine na ya wakati mwingine. Tafadhali lishikeni neno hilo, maana somo letu lote limesimama juu yake.

Kisha funikeni mchanga kwa kipande cha bati lililoinamishwa, mkamimine tena. Maji yanateremka juu ya bati na kumwagika nje, na ndani ya debe huingia kidogo tu. Hivyo ndivyo inavyokuwa mlima ukikosa miti. Mvua yaweza kuwa ile ile, na kisima kikapungua.

3. Watu na wanyama walivyogawana maji

Zamani Wamasai wa sehemu ile hawakukaa mahali pamoja mwaka mzima. Mvua iliponyesha walitawanyika mbali na vinamasi, maana majani yalikuwa yameota kila mahali na madimbwi yalikuwa na maji. Kiangazi kilipoingia na madimbwi kukauka, walirudi kwenye chemchemi. Wanyama wa mwitu nao walifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo vinamasi vilikuwa kama ghala: ghala haliguswi wakati wa mavuno, bali hufunguliwa wakati wa njaa. Visima vya kuchimbwa navyo vilikuwa na wenyewe, na zamu ya kunywesha ilijulikana.

Kisha ikaja serikali ya kikoloni. Kwa mapatano ya mwaka wa 1904 na ya mwaka wa 1911, Wamasai walihamishwa kutoka malisho yao mazuri ya kaskazini, wakasongamana upande wa kusini. Na huko kusini serikali ilikwisha kutangaza hifadhi kubwa ya wanyama. Basi nchi moja ikawa na majina mawili: kwa ofisi moja ilikuwa nchi ya Wamasai, na kwa ofisi nyingine nchi ya wanyama. Mwaka wa 1948 Amboseli ilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka wa 1961 usimamizi wake ukakabidhiwa halmashauri ya wilaya ya Kajiado.

Mwaka huo wa 1961 wazee wa Kajiado waliukumbuka sana. Ukame mkali uliua ng'ombe wengi na wanyama wengi. Kisha, kabla mwaka haujaisha, mvua kubwa zikanyesha katika Afrika ya Mashariki yote. Katika miaka michache iliyofuata Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2. Amboseli nako maji ya chini yalipanda, na vinamasi vikaenea.

Miaka hiyo migunga mingi mikubwa ya Amboseli ilikufa. Nani aliyeiua? Wengi walikuwa tayari kuwalaumu Wamasai na ng'ombe wao. Mwaka wa 1973 wataalamu wawili, David Western na C. van Praet, waliandika kwamba maji ya chini yalipopanda yalileta chumvi kwenye mizizi ya miti. Baadaye yakafanywa majaribio ya kuzungushia ua sehemu ndogo ili tembo wasiingie. Ndani ya ua miti iliota tena, na nje haikuota. Ikaonekana kwamba tembo, waliokuwa wamesongamana ndani ya hifadhi, walikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo. Twajifunza hapa kwamba si vizuri kumtaja mkosaji kabla ya kupima.

4. Ahadi ya mabomba

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa la somo letu.

Baada ya Uhuru, watalii walizidi kuja Amboseli kuona tembo na mlima nyuma yao. Serikali ya Kenya ilitaka sehemu ya katikati itengwe kwa wanyama peke yao. Wamasai hawakupenda, na sababu yao ilikuwa wazi. Ile sehemu ya katikati ndiyo yenye vinamasi. Mwaka wa 1974 Amboseli ikatangazwa kuwa Mbuga ya Taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 392 hivi. Ukiitazama katika ramani waona ni kipande kidogo tu cha nchi ile, lakini ndicho kipande chenye maji ya kiangazi. Baadhi ya vijana waliwachoma faru na tembo kwa mikuki ili kuonyesha hasira yao.

Basi pakafanywa mapatano. Kwa fedha zilizotokana na mkopo wa Benki ya Dunia, yalitandikwa mabomba na kuwekwa pampu za kupeleka maji nje ya mbuga, yamiminwe katika mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Tena Wamasai waliahidiwa malipo ya kila mwaka, kwa kuwa wanyama wa mwitu hutoka mbugani na kula majani katika ardhi yao. Kwa upande wao, Wamasai wangeacha kuingiza ng'ombe vinamasini. Mwaka wa 1977 walitoka.

Kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri. Mama aliyekuwa akienda mbali aliona maji karibu na boma lake. Lakini pampu yataka mafuta. Bomba likipasuka lataka fundi, na fundi ataka mshahara na vipuri. Tembo naye akisikia harufu ya maji katika bomba wakati wa kiangazi hulivunja apate kunywa. Katika miaka michache pampu zilianza kusimama, mabomba yakakauka, na malipo yakakatika. Ng'ombe hawezi kunywa ahadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wachungaji wakarudi na mifugo yao kwenye vinamasi, ndani ya mbuga.

Sasa sikilizeni vizuri. Labda mzee mmoja hapo darasani atauliza, "Mwalimu, je, maji ya Amboseli yalikuwa yamekwisha?" La, mzee wangu. Macho ya maji yalikuwa yakitoka vile vile. Mlima ulitimiza sehemu yake. Kilichokosekana ni mtu wa kutia mafuta, mtu wa kuziba bomba, na mfuko wa fedha wa kumlipa mtu huyo mwaka wa pili, na wa tano, na wa kumi. Katika mapatano yale kujenga kulifikiriwa kuliko kutunza.

Wakati huo huo watu wengine walikuwa wakiyahitaji maji yale yale. Kando ya chemchemi za Kimana na Namelok wakulima walichimba mifereji, wakalima nyanya na vitunguu. Kutoka chemchemi za Nolturesh, karibu na Loitokitok, lilijengwa bomba refu la kupeleka maji mpaka Kajiado, Machakos na Athi River. Kila mmoja ana haki ya kunywa. Lakini kila mmoja huona bomba lake tu, wala haoni kwamba wote wanachota katika debe moja.

Tusisahau pia upande wa pili wa mlima. Mwaka wa 1973 Tanzania ilifanya sehemu ya juu ya Kilimanjaro kuwa hifadhi ya taifa, na mwaka wa 2005 msitu wote uliozunguka ukaingizwa ndani. Kwa ajili ya maji hilo ni jambo jema. Lakini wanavijiji waliozoea kuokota kuni na kukata majani ya ng'ombe msituni waliona mlango umefungwa. Mama wa Tanzania huambiwa asikate kuni ili msitu ukae. Mchungaji wa Kenya huambiwa asinyweshe kinamasini ili wanyama wakae. Wote wawili wametoa kitu kwa faida ya wengine, na wote wawili wana haki ya kuuliza, "Je, sisi twapata nini?"

5. Hali ya hewa inabadilika

Yote tuliyosema yalikuwa magumu hata kabla ya jambo hili la mwisho, nalo ni kubadilika kwa hali ya hewa ya dunia, ambako siku hizi huitwa mabadiliko ya tabianchi.

Tangu viwanda vilipoanza kuchoma makaa ya mawe, na baadaye mafuta, moshi wake umejaza hewani gesi inayozuia joto lisitoke, kama vile blanketi linavyozuia joto la mwili. Dunia imepata joto zaidi ya digrii 1 kuliko ilivyokuwa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Bara la Afrika limechangia sehemu ndogo sana ya moshi huo, lakini hasara zake twazipata.

Alama moja iko wazi kabisa. Kati ya mwaka wa 1912 na mwanzo wa karne hii, barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa zaidi ya sehemu 8 katika kila 10. Mwaka wa 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba yatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka wa 2050. Ni jambo la huzuni. Lakini ninyi mmekwisha kujifunza kwamba kwa chemchemi barafu si jambo kubwa kuliko yote. Hatari kubwa zaidi iko chini ya barafu, katika msitu. Tangu miaka ya 1970 moto umeteketeza sehemu kubwa ya msitu wa juu, ule unaokamata ukungu. Mahali pakiwa pakavu zaidi, moto huwaka kwa urahisi zaidi. Hivyo ukame huleta moto, na moto hupunguza maji.

Alama ya pili ni ukame wenyewe. Mwaka wa 2009 ukame uliua nyumbu wa Amboseli zaidi ya 9 katika kila 10, na Wamasai walipoteza ng'ombe wengi mno. Walikufa hali chemchemi zina maji, maana malisho ya kando ya maji yalikwisha, na malisho ya mbali hayakuwa na maji. Kisha kutoka mwisho wa mwaka wa 2020 mpaka mwisho wa mwaka wa 2022, mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo katika sehemu kubwa za Kenya, Ethiopia na Somalia. Mwaka wa 2023 wataalamu walipiga hesabu, wakasema kwamba joto la dunia limefanya ukame wa namna ile uwe rahisi kutokea mara 100 au zaidi kuliko zamani. Sababu kubwa waliyotaja ni joto, maana hewa yenye joto hunyonya maji ya ardhi na ya mimea kwa nguvu zaidi. Na baada ya ukame huo, mwishoni mwa 2023 na tena mwaka wa 2024, yakaja mafuriko.

Je, mafuriko hayo hujaza maji ya chini? Hapa tuna fundisho kutoka Tanzania. Makutapora, karibu na Dodoma, pana visima vinavyotumiwa na mji, na kina cha maji kimeandikwa kwa miaka mingi. Mwaka wa 2013 wataalamu walichapisha habari za miaka 55 ya maandishi hayo. Waliona kwamba maji ya chini hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi. Katikati ya misimu hiyo, maji hushuka mwaka baada ya mwaka. Amboseli si sawa na Makutapora, maana miamba yake ni mingine na mlima wake ni mrefu. Lakini twaweza kujifunza kwamba mvua kubwa yaweza kuwa baraka ikikuta ardhi inayonyonya. Ikikuta ardhi tupu iliyogandamana, hukimbia na udongo wetu mpaka baharini.

Ziangalieni faida za maji ya chini. Jua haliyafikii kama linavyofikia bwawa. Mwaka mmoja mbaya hauyamalizi. Kwa hiyo katika nyakati hizi za mvua zisizotabirika, maji ya chini ndiyo akiba yetu. Lakini akiba ikichotwa kila siku kuliko inavyowekwa, siku moja mwenyewe hufungua sanduku akakuta tupu.

6. Tujifunze nini?

Labda mwingine atasema, "Basi tuchimbe visima vingi." Visima ni vizuri, ila si dawa ya kila kitu. Katika nchi za volkeno maji mengine ya chini yana madini yaitwayo floraidi. Yakizidi hutia meno rangi ya kahawia, na mwisho hudhuru mifupa. Kwa hiyo maji ya kisima kipya sharti yapimwe kabla watoto hawajayanywa. Tena kisima kikiwekwa mahali pasipofaa huvuta mifugo yote mahali pamoja, na malisho yakawa vumbi.

Historia ya Amboseli yatufundisha mambo matatu.

La kwanza, aliye kisimani na aliye msituni ni jirani, hata kama hawajuani. Mapatano juu ya kisima yasiyofikiri juu ya msitu ni nusu ya mapatano.

La pili, watu wakiombwa kuacha maji kwa ajili ya wanyama, wapewe maji mengine kwanza, na maji hayo yadumu. Wanyama wa Amboseli hawawezi kuishi ndani ya mbuga peke yake. Wakati wa mvua hutoka na kula katika ardhi ya majirani. Jirani mwenye kiu hatakuwa mlinzi wao.

La tatu, kutunza ni kugumu kuliko kujenga. Siku ya kufungua bomba huja wageni wengi na hotuba nyingi. Siku pampu inapokufa hayuko mgeni hata mmoja.

Sheria za siku hizi zatusaidia kidogo. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 yasema kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi ya kutosha. Na tangu sheria ya maji ya mwaka wa 2002, watu wanaotumia mto au chemchemi moja waweza kuunda chama chao cha watumiaji maji, wakae pamoja wakulima, wafugaji na watu wa mjini. Lakini katiba haiwezi kuziba bomba, na chama kisicho na daftari ni kelele tu.

Na hapo ndipo ninyi mnapoingia, wanafunzi wangu. Mmekuja darasani kujifunza kusoma na kuandika. Pengine jirani yako amekucheka, akakuuliza utaandika nini katika umri huu. Mwambie utaandika maji. Chukua kamba, ifunge jiwe, uitie mafundo kila mita moja. Kila mwezi, tarehe ile ile, asubuhi kabla watu hawajateka, ishushe kisimani, uhesabu mafundo mpaka kwenye maji, uandike katika daftari: tarehe, na kina. Baada ya mwaka mmoja utajua jambo usilolijua. Baada ya miaka 10 utakuwa na ushahidi, na mgeni akija na mapatano hutamjibu kwa maneno matupu.

Na mapatano yakiletwa, yasomeni kabla ya kutia kidole gumba. Ulizeni: Nani atanunua mafuta ya pampu? Nani atamlipa fundi? Bomba likivunjwa na tembo, nani atalitengeneza, na katika siku ngapi? Malipo yakikatika, sisi tufanye nini? Majibu yaandikwe. Wazee wa mwaka wa 1977 walitoka vinamasini kwa kuiamini ahadi. Watoto na wajukuu wao wanaishi bado kando ya mlima ule, na kiangazi cha sasa ni kikali kuliko cha wakati ule.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini chemchemi za Amboseli hazikauki, ingawa mvua ya pale ni kidogo?
2. Barafu na msitu: kipi hutoa sehemu kubwa ya maji ya chini? Eleza kwa kutumia debe.
3. Mapatano ya mwaka wa 1977 yaliharibika kwa sababu gani? Kama wewe ungalikuwa mmoja wa wazee waliokaa barazani, ungalitaka kitu gani kiongezwe?
4. Maji mnayokunywa hapa kwenu yatoka wapi? Nani anakaa mahali mvua yake inaponyesha?
5. Kazi ya nyumbani: Pimeni kina cha kisima kilicho karibu, au muda wa kujaza ndoo moja kwenye chemchemi. Andikeni tarehe na kipimo, mlete darasani.